AKILA NA PRISILA: WITO UNAOVUKA MPAKA

Maandiko ya kusoma: Matendo 18:1-4, 18-28; Warumi 16:3-5; 1 Wakorintho 16:19; 2 Timotheo 4:19

Nawasalimu wote, ninyi mliokuwepo kwenye mkutano wa maadhimisho na ninyi mnaosoma somo hili mkiwa nyumbani, dukani, kambini au ndani ya basi. Waandaaji wa gazeti hili waliniomba niliandike somo nililofundisha siku ile. Nimejitahidi kuliacha jinsi lilivyosemwa, ili aliyekuwepo akumbuke, na ambaye hakupata nauli au hati ya kusafiria naye ale chakula kile kile.

Kabla hujaendelea, nakuomba kitu kimoja. Chukua Biblia yako usome maandiko hayo hapo juu. Si marefu, dakika 10 zinatosha. Mimi nitayaeleza kwa maneno yangu, lakini wewe fanya kama watu wa Beroya katika Matendo 17:11, chunguza mwenyewe uone kama mambo ndivyo yalivyo.

Umesoma? Haya, twende pamoja.

Kuna swali ambalo watu huniuliza karibu kila ninapokwenda kuhubiri. Ukiwa Kigoma utalisikia, ukivuka kwenda Bujumbura utalisikia, Busia na Tunduma vivyo hivyo. Wanasema, "Mtumishi, nitajuaje kusudi la Mungu juu ya maisha yangu?" Sasa mtazame vizuri anayeuliza. Mara nyingi ni mtu mwenye kazi. Anauza vitenge, anaendesha lori, anashona nguo, anapika chakula cha makuli stendi. Ana nyumba, ana majirani, ana watoto. Lakini akitamka neno "kusudi", moyoni mwake anaona kipaza sauti. Anaona siku atakayoitwa mbele, watu wampigie makofi, waseme mtumishi wa Mungu amesimama. Na mpaka siku hiyo ifike, anajiona bado yuko kwenye foleni. Anasubiri maisha yaanze.

Mpendwa, nataka leo tutoke kwenye hiyo foleni. Na watakaotutoa ni mtu na mkewe, mafundi wa mahema, waliotajwa katika mistari sita tu ya Biblia.

MISTARI SITA, HAKUNA MAHUBIRI

Hesabu mwenyewe. Akila na Prisila wametajwa katika Matendo 18:2, 18:18 na 18:26, halafu Warumi 16:3, 1 Wakorintho 16:19 na 2 Timotheo 4:19. Basi. Mistari sita. Na katika mistari hiyo hakuna hata neno moja lililotoka kinywani mwao ambalo limeandikwa. Hatuna mahubiri ya Akila. Hatuna ushuhuda wa Prisila. Hatusomi kwamba walifufua mtu au walitoa pepo. Lakini Paulo anasema makanisa yote ya watu wa Mataifa yanawashukuru. Yote! Wewe na mimi ni watu wa Mataifa, kwa hiyo na sisi tumo ndani ya deni hilo la shukrani.

Angalia na jambo la pili. Katika mistari yote sita hawatajwi mmoja bila mwenzake. Akila hana safari ya peke yake, Prisila hana huduma ya peke yake. Na mara nyingi jina la mke ndilo linaloanza. Kwa desturi ya wakati ule hilo si jambo dogo. Paulo, ambaye watu wengi wanamsingizia kwamba hakuwathamini wanawake, ndiye anayeandika "Priska na Akila" na kuwaita wote wawili watenda kazi pamoja naye.

Hapa nizungumze na ndugu zangu madereva na wafanyabiashara wa safari ndefu. Mmenielewa tayari, naona mnacheka. Kuna mtu ana mke upande huu wa mpaka, na upande wa pili ana nyumba nyingine ambayo mchungaji wake haijui. Huko anaitwa baba fulani, huku anaitwa mzee wa kanisa. Ndugu, Akila alikaa Rumi, Korintho na Efeso, na kote huko mke wake ni Prisila. Kama kuna jambo la kwanza la kutengeneza baada ya kusoma gazeti hili, pengine kwako ni hilo. Usiombe upako mpya kabla hujalimaliza.

WALIFUKUZWA MJINI, HAWAKUFUKUZWA KWENYE WITO

Akila alizaliwa Ponto, nchi iliyokuwa kusini mwa Bahari Nyeusi, ambayo leo iko Uturuki. Kutoka huko alifika Rumi, mji mkuu wa dola. Ni sawa na kijana wa kijijini aliyekwenda kutafuta maisha Nairobi au Dar es Salaam. Wakaanza maisha, wakawa na kazi. Ndipo ikatoka amri ya Kaisari Klaudio: Wayahudi wote waondoke Rumi. Wanahistoria wengi huiweka amri hiyo mwaka 49 baada ya Kristo.

Hebu simama hapo kidogo. Luka anaiandika kwa sentensi moja, lakini wewe unayejua kufukuzwa unajua sentensi hiyo ina nini ndani yake. Ina wateja waliobaki na madeni. Ina vyombo vya ndani vilivyouzwa kwa bei ya kutupa. Ina swali la usiku, "Sasa tunakwenda wapi?" Kati ya wasomaji wa gazeti hili wapo waliolala Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Wapo waliopita Kakuma, kule kaskazini mwa Kenya. Wapo walioambiwa, "Wewe si wa hapa," kwenye nchi waliyoilima kwa miaka mingi. Sitaki kukuambia kwamba yale yalikuwa mazuri. Hayakuwa mazuri. Biblia nayo haisemi kwamba amri ya Klaudio ilikuwa nzuri.

Lakini angalia Mungu alivyofanya. Kama Akila na Prisila wasingefukuzwa Rumi, wasingekuwepo Korintho siku Paulo anaingia pale akitoka Athene, mgeni, akitafuta mahali pa kulala na kazi ya kufanya. Mfungua mlango alikuwa mtu ambaye mwenyewe amefungiwa mlango. Mkimbizi ndiye aliyempokea mtume. Si tajiri wa mji wala liwali, ila watu ambao mizigo yao pengine haijafunguliwa bado.

Wangeweza kusema, "Paulo, samahani, na sisi ndio kwanza tumefika. Subiri tukae sawa." Ni maneno tunayoyasema sana. Nitatumika nikikaa sawa. Nitakaribisha watu nikijenga. Nitatoa nikipata. Mpendwa, wako watu wamengoja kukaa sawa mpaka wamezeeka. Akila na Prisila walitumika wakiwa hawajakaa sawa, na mlango mkubwa wa Injili pale Korintho ulifunguka kupitia nyumba ya wapangaji.

SINDANO NA AMRI ZA FORODHA

Walikuwa mafundi wa mahema, na Paulo naye alikuwa na ufundi huo huo. Kwa hiyo wakakaa pamoja na kufanya kazi pamoja.

Korintho ulikuwa mji wa namna gani? Ukitaka kuuelewa, fikiria Namanga, Malaba au Tunduma, uuongezee bahari. Ulikaa karibu na shingo nyembamba ya nchi, kama kilomita 6 tu, kati ya bahari mbili. Ulikuwa na bandari mbili, Lekaio upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Mizigo ilishushwa huku ikapandishwa kule, na vyombo vingine viliburutwa kwa njia ya mawe kutoka bahari hadi bahari. Karibu na hapo kulifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na umati wa watu ulikuja. Kwa hiyo fundi wa mahema hakukosa kazi. Lakini panapopita mizigo mingi na fedha nyingi, na dhambi hupita hapo hapo. Wewe uliyekulia mpakani huhitaji nikueleze zaidi.

Katikati ya mji huo Mungu aliweka karakana. Nataka uione. Ngozi na vitambaa vizito viko chini, sindano, uzi, kisu cha kukatia. Paulo yuko pale, mikono imekakamaa. Mteja anaingia kuuliza bei. Dakika mbili baadaye anaulizwa habari za roho yake. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na kila Sabato alikuwa sinagogi akihojiana na watu. Lakini siku nyingine za juma? Alikuwa kazini. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, aliongeza muda wa kulihubiri Neno, na katika 2 Wakorintho 11:9 tunaona kwamba ndugu wa Makedonia walimsaidia mahitaji yake. Kwa hiyo sisemi wachungaji wasitunzwe. Watunzwe, tena vizuri! Ninachosema ni kwamba karakana ile haikuwa mahali pa kusubiri huduma. Huduma ilikuwa mle ndani.

Sasa tuje kwetu. Wengi katika ushirika huu tunaishi kwa kuvuka mpaka. Mchele unakwenda huku, dagaa wanakwenda kule, vitenge, sabuni, viatu vya mtumba, ndizi. Nakuuliza, imani yako inavuka na wewe, au unaiacha kwenye geti la forodha na kuichukua ukirudi?

Kwenye Luka 3:12-14 watoza ushuru walikwenda kwa Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Ningekuwa mimi pengine ningewaambia waache kazi ile. Yohana hakuwaambia hivyo. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari nao wakauliza, akawaambia wasimwonee mtu wala kumsingizia, na watosheke na mshahara wao. Toba yao ilipimwa kazini. Ofisa wa forodha aliyeokoka anapimwa mezani pake. Polisi aliyeokoka anapimwa barabarani.

Na mfanyabiashara aliyeokoka je? Anapimwa na karatasi. Tunajua michezo yake. Kuna ankara mbili, ya kweli inabaki mfukoni, ya uongo inakwenda dirishani. Kuna mzigo unaopita kwa pikipiki usiku njia ya panya, halafu Jumapili mwenye mzigo anatoa fungu la kumi la faida yake akiwa amefumba macho. Mithali 11:1 inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Je, sadaka inayotoka kwenye mizani hiyo itakuwa manukato?

Najua utasema, "Mtumishi, ukienda kihalali hubaki na kitu." Nakuelewa, na sikusemi nikiwa mbali. Lakini wengine wetu tunapita njia ya panya kwa sababu tu hatujauliza. Kwa mfano, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Kama bidhaa zako zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kupata cheti cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani na usitozwe ushuru wa forodha. Kodi nyingine au vibali vinaweza kuhitajika, kwa hiyo uliza, na udai stakabadhi. Nimewahi kumsikia mama mmoja akishuhudia kwamba alilipa vishoka kwa miaka ili wamvushie mzigo ambao kihalali haukuwa na ushuru huo hata kidogo. Alikuwa akinunua hofu kwa fedha zake mwenyewe! Haleluya, maarifa nayo ni ukombozi.

Na pale ambapo uaminifu utakugharimu kweli, na siku hizo zipo, kumbuka kwamba Bwana anakuona kwenye hasara hiyo. Heri upungukiwe shilingi kuliko upungukiwe ushuhuda, kwa sababu shilingi utaitafuta kesho.

MLANGO WA NYUMBA YAO

Tazama sasa jambo linalojirudia. Wakiwa Efeso, Paulo anaandika salamu kwa Wakorintho na kutaja kanisa lililo katika nyumba ya Akila na Priska. Wakiwa wamerudi Rumi, anaandika tena, lisalimieni na kanisa lililo katika nyumba yao. Miji miwili tofauti, nchi mbali na nchi, lakini kila wanapopanga nyumba, kanisa linaingia. Ni kama wakitafuta chumba cha kupanga walikuwa wanauliza, "Watu wangapi watakaa hapa siku ya Bwana?"

Mwaka 2020 sisi wenyewe tulifundishwa somo hili kwa nguvu. Korona ilipokuja, nchi nyingi za ukanda wetu zilizuia watu kuvuka mipaka. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, sisi tukabaki. Mikutano mikubwa ikafa, makongamano yakaahirishwa. Kilichobaki kikiwaka ni nini? Sebule. Mama na watoto wake, majirani wawili watatu, Biblia moja. Waliokuwa wamezoea kuomba nyumbani waliendelea. Wale ambao maombi yao yote yalikuwa uwanjani walijikuta hawana mahali pa kuanzia.

Na tusisahau kwamba Injili katika nchi zetu ilienezwa sana na watu wa namna hiyo. Uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, uliingia Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Walioubeba wengi hawakuwa maaskofu. Walikuwa walimu wa shule, wahudumu wa hospitali, wakulima na wake zao. Walitubu hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na watu waliokosana nao, na wakapokeana majumbani bila kuulizana kabila. Hilo lilihubiri kuliko vipaza sauti.

Kwa hiyo, dada yangu unayesema huna huduma, hebu niulize. Sufuria yako inatosha watu wangapi? Mgeni wa ushirika akishuka basi saa nne usiku, anaweza kugonga kwako? Msichana aliyeahidiwa kazi ya nyumbani upande wa pili, akafika akakuta kazi yenyewe siyo ile aliyoambiwa, anajua kwamba kuna mlango wa mpendwa mmoja hapo mpakani ambapo atapewa uji, godoro, na mtu wa kumsindikiza kituo cha polisi au kumpigia simu mama yake? Mpendwa, hiyo ni huduma kubwa. Jitahidini makanisa ya mpakani muwe na milango ya namna hiyo, tena milango ya familia zinazoaminika na zinazojulikana na wazee wa kanisa.

WALIMCHUKUA PEMBENI

Paulo aliwaacha Efeso, yeye akaendelea na safari. Ndipo akafika pale Apolo, mzaliwa wa Iskanderia, msomi, mwenye ufasaha, hodari katika Maandiko. Alihubiri sinagogi kwa moto. Ila kulikuwa na upungufu, kwa kuwa alijua ubatizo wa Yohana tu.

Akila na Prisila walikuwa wamekaa pale wanasikiliza. Walikuwa wanajua zaidi yake, walikuwa wamekaa na Paulo nyumba moja. Je, walisimama katikati ya ibada wakapiga kelele? Hapana. Walinyamaza kwa sababu mafundisho ni jambo dogo? Hapana pia. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Ninavyoiona mimi, chakula kilikuwepo.

Wapendwa, ushirika wetu una watu wa nchi mbalimbali na desturi mbalimbali. Hawa wanafunika vichwa, wale hawafuniki. Hawa wanaomba kwa sauti kubwa, wale wanasema utulivu. Mhubiri wa upande mmoja anateleza ulimi, na kabla hajashuka jukwaani video yake fupi imeshavuka mipaka mitatu. Kwenye makundi ya simu watu wanarekodi sauti za dakika saba saba kumkosoa. Lakini yeye mwenyewe hakuna aliyempigia. Hakuna! Tumeambia watu 200 habari za kosa lake, ila mwenye kosa hajaambiwa.

Kama Prisila angekuwa na simu ya kwetu, huenda Apolo angeishia pale. Lakini kwa sababu alichukuliwa pembeni, soma mstari wa 27 na 28, alivuka kwenda Akaya na barua ya kumtambulisha mkononi, akawafaa sana ndugu wa kule. Kanisa lilipata mtumishi mwenye nguvu zaidi, na aibu haikuwepo.

Na mpe Apolo heshima yake. Msomi wa Iskanderia alikubali kufundishwa na mafundi wa mahema, mmoja wao mwanamke. Wewe mwenye cheti, wewe mwenye digrii ya theolojia, unafundishika? Mimi nina cheti cha chuo cha Biblia na ninakiheshimu, lakini nimefundishwa maombi na mama wauza samaki ambao hawajui hata chuo kinafananaje.

SHINGO ZAO, NA SAFARI YA KURUDI

Katika Warumi 16:4 Paulo anasema watu hawa waliweka shingo zao hatarini kwa ajili ya uhai wake. Hakueleza ilikuwaje, nasi tusiongeze. Inatosha kujua kwamba siku ilifika ambapo kumpenda ndugu kulikuwa na gharama ya damu, na hawakukimbia. Lakini ushujaa huo haukuanza siku ile. Mtu anayejizoeza kutoa chumba, kutoa meza, kutoa muda, siku ya kutoa shingo inamkuta amezoea kutoa.

Kisha angalia salamu hizo zimepelekwa wapi. Rumi! Mji uliowafukuza. Klaudio alikufa mwaka 54, na Paulo anapoandika waraka huo miaka michache baadaye, Akila na Prisila wamesharudi. Wangeweza kurudi na orodha ya waliowauzia vitu vyao kwa hila. Wangeweza kurudi na kinyongo dhidi ya majirani waliowaangalia wakiondoka bila kusema neno. Walirudi wakafungua nyumba iwe kanisa.

Hapa ndipo somo linapofika kwenye mfupa, hasa kwa sisi wa ukanda huu. Kuna mipaka ambayo haina geti wala bendera. Iko kifuani. Unaimba na ndugu wa nchi nyingine kwenye kongamano, mnakumbatiana, lakini binti yako akileta mchumba wa kabila lile unasema, "Wale? Hapana, baba zetu walitukataza." Unamwita ndugu mkiwa kwenye maombi, ukimpangishia nyumba unamwita mgeni na kumwongezea kodi. Tukimaliza maadhimisho haya, mabango yatakunjwa na viti vitarudishwa. Kitakachoonyesha kama ushirika huu ni wa Mungu ni jinsi utakavyomtendea mtu wa upande wa pili siku nchi zetu mbili zikikosana. Siku hiyo ikija, je, nyumba yako bado itakuwa na mlango?

Miaka ikapita. Paulo yuko gerezani, anajua safari yake imefika mwisho, anaandika waraka wa pili kwa Timotheo. Katika salamu za mwisho kabisa anasema wasalimie Priska na Akila. Wengine wamemwacha, Dema amekwenda zake. Wale wawili bado wapo, bado pamoja, bado kazini.

UFANYE NINI SASA?

Sitaki uweke gazeti hili chini kisha useme tu "somo zuri". Chagua na ufanye juma hili.

Kwanza, iombee kazi yako kwa jina lake. Weka mkono juu ya cherehani, usukani, mizani au daftari la mauzo, useme, "Bwana, hapa ndipo uliponiweka."

Pili, tengeneza jambo moja la udanganyifu katika kazi hiyo. Moja tu, lakini la kweli. Kama kuna mtu ulimdhulumu, mtafute.

Tatu, fungua mlango mara moja. Mkaribishe mtu ambaye si wa kabila lako wala wa nchi yako, mle pamoja na kuomba pamoja.

Nne, kama kuna mtumishi umemsema kwenye makundi, mpigie simu. Mchukue pembeni.

Tano, mume na mke, kaeni chini mzungumze, Mungu anataka tufanye nini pamoja? Na wewe usiye na ndoa, Paulo alikaa nyumba ile akiwa hana mke, na hakuna aliyemwona ni nusu mtu.

Mpendwa, inawezekana hutapanda jukwaani hata siku moja. Inawezekana jina lako halitaandikwa kwenye bango lolote. Akila na Prisila walipata mistari sita, na wakawa kusudi la Mungu linatembea kwa miguu minne.

Tuombe. Bwana Yesu, asante kwa mikono uliyotupa na milango uliyotupa. Utusamehe mahali tulipokuacha nyuma ya geti. Wakumbuke walio kambini na walio njiani usiku huu. Tufanye kuwa watu ambao Injili ikipita inapata pa kulala. Linda ushirika huu, uponye yaliyovunjika kati ya nchi na nchi, kati ya mtu na mkewe. Katika jina la Yesu Kristo aliye hai, amina.

Mungu awabariki, na mkipita njia, karibuni nyumbani.